Beni-Butembo: Kiingereza cha Exetat kinaleta alama, lakini kusoma kunabaki nyuma

Kijana anamaliza sekondari mu Butembo, anapata diploma ya serkali, familia inamumwangia pudra barabarani. Wiki moja kisha, mjomba wake mfanyabiashara anamuonyesha karatasi ya mzigo uliopita Mombasa na Kampala, anamuomba amusomee. Kijana anatambua neno moja huku, lingine kule: tarehe, jina la kampuni, uzito. Akifika kwenye sehemu inayosema ni nani atalipa kama mzigo umefika umeharibika, anaomba simu kusudi intaneti imutafsirie. Na kijana huyo, siku ya lugha, pengine alipata alama nzuri za Kiingereza.

Jambo hili si geni kwa wakaaji wa Beni na Butembo, na haiko haki kusema ni uvivu wa vijana. Ukiangalia namna mtihani ulivyotengenezwa na namna watoto wanavyojitayarisha, unaona wanafanya kile wanachoombwa. Shida ni kwamba kile mtihani unaomba na kile maisha ya huku mashariki yanaomba ni vitu viwili.

Mtihani unauliza nini

Mtihani wa Serkali, ule watu wote wanaita Exetat, ulianza mwaka 1967. Kikao cha kawaida kinachukua siku 4, na Kiingereza kinapimwa siku ya lugha, pamoja na Kifaransa. Maswali yanatayarishwa Kinshasa kwa ajili ya nchi nzima, kulingana na opsio, kisha yanagawanywa kwa serii mbalimbali kusudi mtu asichungulie kwa jirani. Siku ile mwanafunzi haandike sentensi. Anasoma swali, anachagua jibu moja kati ya yale yaliyopangwa, kwa kawaida 5, na kutia alama kwenye karatasi ya majibu. Insha ipo, ndiyo, katika kikao cha kutangulia kinachoitwa hors-session, lakini ile ni ya Kifaransa.

Hesabu yake ni rahisi, na wanafunzi wanaijua vizuri kuliko wazazi. Asiyejua neno hata moja la Kiingereza, akichagua ovyo mbele ya majibu 5, ako na bahati ya moja juu ya tano, maana yake karibu alama 20 juu ya 100. Akijua kidogo na kuweza kuondoa majibu 2 ambayo ni makosa ya wazi, bahati inapanda kuwa moja juu ya tatu. Na kwa sababu kinachotafutwa ni asilimia 50 kwa jumla, wengi wanajiambia kwamba masomo ya opsio na Kifaransa yatabeba Kiingereza mgongoni. Wanakiweka pembeni mpaka wiki za mwisho.

Katika wiki hizo za mwisho ndipo biashara inapamba moto. Kila aliye na mashine ya fotokopi karibu na shule anauza maswali ya miaka iliyopita, yale wanafunzi wanaita itemi. Makundi ya WhatsApp yanajaa picha za karatasi zilizokunjika, nyingine na majibu yaliyoandikwa kwa biki na mtu asiyejulikana. Kuna na wale wanaongojea bombe, yaani majibu ya kuiba, ambayo mara nyingi yanakuwa ya serii nyingine ao ya uongo tu. Juu ya bombe hakuna mengi ya kusema: ni feza ya mzazi inayotupwa.

Itemi za zamani ni jambo lingine, na haifai kuzidharau. Zinamuonyesha mwanafunzi sura ya mtihani, zinamuzoeza na saa, zinamupunguzia woga. Lakini mtu anaweza kufanya itemi za miaka 10 bila kujifunza Kiingereza, kama anachoshika ni jibu tu: swali lenye neno fulani, jibu ni namba 3. Mwaka unaofuata sentensi inageuzwa kidogo na namba 3 inakuwa mtego. Kipimo chake ni kimoja. Mwanafunzi akipata jibu la kweli, aulizwe juu ya nini yale mengine 4 ni makosa. Akishindwa kueleza, hajajua bado, amebahatisha.

Alama zinapotea kwenye teksti

Walimu wengi wanatumia nguvu yao kwa grama, kwa sababu grama inaandikika kwenye ubao na inaweza kukaririwa. Kusoma kunaachwa. Darasa la watoto 50 ao zaidi, kitabu kimoja mkononi mwa mwalimu: kusudi wasome teksti, mwalimu anapashwa kwanza kuiandika yote ubaoni na watoto kuinakili. Saa ya somo inaisha watu wakiwa bado wananakili. Kwa hiyo kuna wafinalisti wanaofika siku ya mtihani bila kuwa wamesoma teksti nzima ya Kiingereza kwa kimya, peke yao, hata mara 20 kwa maisha yao yote.

Tuchukue mfano mdogo, uliotungwa kwa ajili ya maelezo haya: "The trader left Beni at sunrise because the road had been closed the day before. He did not reach Kasindi until evening." Swali linauliza: je, mfanyabiashara alifika Kasindi? Wengi wanaona "did not reach" na kujibu mbio kwamba hakufika. Kumbe alifika, jioni. Neno "until" limegeuza maana yote. Swali lingine: barabara ilifungwa lini? Anayekimbia atasema siku ile ya safari, maana ndiyo siku inayosimuliwa. Lakini "had been closed the day before" inarudisha jambo nyuma kwa siku moja.

Mitego ya namna hii haihitaji maneno magumu. Karibu kila neno katika sentensi zile mbili linajulikana na mtoto wa mwaka wa pili. Kinachokosekana ni mazoea ya kusoma mpaka nukta kabla ya kukamata maana. Na kuna tabia moja ambayo waandishi wa mitihani, duniani kote, wanaitumia sana: jibu linalorudilia maneno ya teksti vilevile yalivyo ndilo mara nyingi la uongo, na jibu la kweli linasema jambo lile kwa maneno mengine. Mwanafunzi anayetafuta neno linalofanana anaanguka. Anayeelewa anapita.

Njia ya kujizoeza haiko ya siri. Kusoma maswali kwanza, kisha teksti mara moja bila kusimama, hata kama kuna maneno 5 ao 6 yasiyojulikana. Kurudi kwa teksti na kuweka kidole kwenye mstari unaoleta jibu. Bila mstari, hakuna jibu. Dakika 20 kila siku tangu mwezi wa kumi zinazaa kuliko usiku mzima wa kukesha wiki ya mtihani, na hapa hakuna haja ya kumulipa mtu.

Lugha ya mama haiko adui

Mtoto wa Butembo anaingia darasa la Kiingereza akiwa tayari na lugha 3: Kinande cha nyumbani, Kiswahili cha soko na mtaa, Kifaransa cha masomo. Kiingereza ni ya nne. Lakini darasani kinafundishwa kama vile mtoto anajua Kifaransa tu. Kila sentensi inapitishwa kwa Kifaransa, na hapo ndipo makosa mengine yanapozaliwa.

Kifaransa kinasaidia sana kwa maneno, hakuna ubishi. Yeyote anayejua "important", "nation" ao "information" kwa Kifaransa hana cha kujifunza zaidi ya namna ya kuyatamka. Lakini kuna marafiki wa uongo, na mtihani unawapenda. "Library" si duka la vitabu, ni mahali pa kusomea ao kuazima vitabu. "Attend" si kungojea, ni kuhudhuria. "Assist" ni kusaidia, si kuwa mahali jambo linapofanyika. "Actually" haiseme sasa hivi, inasema kwa kweli. Maneno kama hayo hayafike 100 yenye kutumiwa sana. Mwanafunzi anaweza kuyaandika kwenye kurasa 2 za daftari na kuyamaliza kabla ya Noeli.

Kwa grama, mambo yanageuka, na hapa kuna utajiri ambao masomo yanauacha chini. Kwa Kifaransa cha kila siku, nimekula na nilikula jana vinasemwa kwa umbo moja: "j'ai mangé". Mwanafunzi anayepitia Kifaransa anaandika "I have eaten yesterday", na ni kosa. Angepitia Kiswahili asingekosa. Kiswahili kinatenga -me- na -li-: nimekula, jambo limekwisha na matokeo yako hapa, nilikula jana, jambo lilipita kwa siku inayojulikana. Kiingereza kinafanya karibu vilevile: "I have eaten", kisha "I ate yesterday". Kinande nacho kinatofautisha lililopita sasa hivi na lililopita zamani. Kumbe mtoto ako na chombo nyumbani, ila hakuna aliyemwambia kwamba kinaweza kutumika.

Ni vile pia kwa "since" na "for". Kifaransa kiko na "depuis" kwa yote mawili. Kiswahili kinasema tangu 2014, lakini kwa miaka 3. "Since" inakwenda na tangu, "for" inakwenda na muda unaohesabika. Hata sentensi za "if" zinaonekana vizuri kwa Kiswahili cha vitabu: nikipata, ningepata, ningalipata ni ngazi 3 ambazo mwanafunzi anazikuta kwa Kiingereza, hata kama mu Butembo watu wanachanganya mbili za mwisho.

Haimaanishe kwamba Kiswahili hakiwezi kudanganya. "Yeye" ni mwanamume na ni mwanamke, kwa hiyo makosa ya "my mother, he" yanasikika mpaka chuo kikuu. Hatuna "the" wala "a", na ndiyo sababu maneno hayo madogo yanaangukia njiani. Tena tunasema ninaishi hapa tangu 2014, kama vile jambo la leo, wakati Kiingereza kinaomba "I have lived here since 2014". Mwalimu anayejua mahali ambapo lugha zetu zinasaidia na mahali ambapo zinateleza angemaliza kwa saa moja kile kinachochukua mwezi kwa kukariri. Lakini mahali pengi kusema Kiswahili darasani bado kunahesabiwa kosa, hata kama ni kwa kueleza Kiingereza.

Maneno yako dukani

Upande wa msamiati, wanafunzi wanakariri orodha ndefu za maneno wasiyoyaona popote. Na wakati huohuo Kiingereza kimejaa mitaani. Dawa nyingi zinazouzwa katika farmasi za Butembo na Beni zinaingia kutoka Uganda, Kenya na India, na karatasi ya ndani ni ya Kiingereza. Dawa za kupuliza kakao upande wa Beni, ao viazi upande wa Lubero, vilevile. "Keep out of reach of children", "before meals", "do not exceed", "expiry date", "shake well": maneno haya ndiyo grama ya amri, ya viunganishi na ya wakati, tena yanalinda maisha. Mkulima anayepuliza kakao bila kuelewa ni siku ngapi anapashwa kungojea kabla ya kuvuna, na mtoto wake ako mwaka wa mwisho wa sekondari nyumbani mulemule: hiyo ni hali ya kawaida kabisa.

Ku Kasindi ni hivyohivyo. Upande wa Mpondwe, karatasi za Uganda ni za Kiingereza. Ukivuka daraja, DGDA na OCC wanafanya kazi kwa Kifaransa. Mfanyabiashara mdogo anaishi katikati ya lugha hizo mbili. Na wenzetu Bakonzo wa ngambo wanaelewana naye kwa Kinande bila shida, ni kweli, lakini mazungumzo yanaishia pale karatasi inapotolewa. Asiyesoma anamulipa mtu wa kumusomea, na anaamini kile anachoambiwa.

Mipaka yenyewe inafunguka. Mradi wa barabara uliozinduliwa na marais Tshisekedi na Museveni ku Mpondwe tarehe 16 Juni 2021 ulipanga kilomita 223, kati yake 80 za Kasindi mpaka Beni na 54 za Beni mpaka Butembo. Kongo ilitia sahihi mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 8 Aprili 2022. Viongozi wa Jumuiya walikubali Februari 2021 kwamba Kiswahili na Kifaransa vitumike pia kama lugha rasmi, na hiyo ni habari njema kwetu, lakini mkataba wenyewe, katika kifungu cha 137, uliweka Kiingereza, na karatasi nyingi za kazi bado zinatoka kwa lugha ile. Wakati wa Ebola, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, watu wa Beni, Mangina na Butembo waliona kwa macho ni nani aliyeitwa kwanza kwa kazi: yule aliyeweza kusimama kati ya daktari wa Kiingereza na mama wa Kinande.

Wapo walioelewa mapema. Beni iko na Université Chrétienne Bilingue du Congo, UCBC, iliyoanza 2007, ambayo inafundisha kwa Kifaransa na Kiingereza. Familia zingine zinapeleka watoto Kasese ao Kampala. Lakini njia zote mbili zinaomba dola, na anayeweza kuzilipa haiko yule aliye na shida kubwa.

Wasio na saa za kutosha

Tangu Oktoba 2014, mauaji ya ADF yamefunga shule nyingi za eneo la Beni, zingine kwa muda, zingine moja kwa moja. Mtoto aliyekimbia kutoka kijijini kwenda Oicha ao Beni mjini anaanza upya kwa shule nyingine, mara nyingi katikati ya mwaka. Tangu kuanguka kwa Kanyabayonga mwisho wa Juni 2024, vita ya M23 imesukuma wengine kutoka kusini mwa Lubero mpaka Butembo. Ongeza migomo ya walimu na siku za ville morte. Saa zinazopotea ni za masomo yote, lakini hisabati mtu anaweza kuichukua upya kwa daftari la mwenzake. Lugha haikamatike hivyo, maana inaomba kidogo kidogo kila siku. Mtoto aliyekosa miezi 3 anarudi na kukuta wenzake kwenye itemi, naye anabaki na njia moja: kukariri majibu.

Kwa mtoto huyo, kubadilisha mtihani Kinshasa ni jambo la mbali. Yako mambo ya karibu. Shule inaweza kupiga kopi 10 za teksti moja, watoto 5 kwa kila kopi, badala ya kuandika ubaoni. Kopi hizo zinazunguka darasa baada ya darasa mwaka mzima. Parokia na makanisa yenye chumba cha kusomea yanaweza kuweka magazeti ya zamani ya Kampala, New Vision ao Daily Monitor, ambayo msafiri yeyote wa Kasindi anaweza kuleta. Wakati wa korona, 2020, Radio Okapi ilipitisha masomo hewani kwa kipindi cha Okapi École, na watoto waliokuwa mbali na darasa walifuata. Teksti ya dakika 5 ikisomwa polepole kwa redio, na maswali 3 kisha, inamufikia hata aliye kambini bila daftari, kama jirani iko na redio ya betri.

Kwa mzazi ambaye hajui Kiingereza kabisa, kuna namna ya kufuata bila kudanganywa. Asimuulize mtoto amefanya itemi ngapi. Amupatie karatasi ya dawa ao ya mbegu iliyo nyumbani, amuombe amweleze kwa Kinande ao kwa Kiswahili imeandikwa nini, mstari kwa mstari. Kama mtoto anaruka mistari, basi kuna kazi, na mwezi wa kumi ni mapema bado. Mwezi wa tano, kitakachobaki kununua ni fotokopi tu.